Siku Niliyolishusha Bwawa la Akina Mama kwa Ajili ya Kitwitwi

Kuna watu hapa kijijini kwetu Ruanda (si ile nchi) ambao mpaka leo wakikutana nami njiani hawaniulizi habari za nyumbani, wananiuliza habari za bomba, nami hujibu kwamba bomba ni zima, kwa sababu nimeshakubali kwamba aibu yangu ni mali ya kijiji na kila anayetaka kuitumia ana haki yake. Nitaisimulia yote kwa mpangilio, maana ile inayosimuliwa kilabuni ina makosa kadhaa (mojawapo ni kwamba nilikuwa nimelewa, na mimi sinywi).

Wakati huo nilikuwa karani wa mzani katika chama cha msingi cha kahawa. Kazi yenyewe ni ya miezi michache: kahawa ikianza kuiva napima, naandika, nafunga magunia kwa kamba ya katani, ikiisha nabaki na mzani uliofunikwa turubai na muda mwingi mikononi. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nilijisomea mwenyewe, na katika hayo ndege walichukua nafasi kubwa kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye ekari mbili za mibuni. Nilikuwa na kitabu cha ndege cha Kiingereza kisichokuwa na jalada wala kurasa za bundi, nilikuwa na kamusi, na nilikuwa na darubini niliyoinunua Tunduma kwa mfanyabiashara aliyevuka kutoka upande wa Zambia. Darubini ile ilikuwa inaona kwa jicho la kulia tu, la kushoto lilikuwa na ukungu ndani. Nilipolalamika yule bwana akaniambia, "Mudala (yaani mzee), hata bunduki inalengwa kwa jicho moja," nikaona ana hoja, nikaichukua.

Ndege aliyeniponza ni huyu. Kila mwaka, mwezi wa nane au wa tisa, mvua zikiwa bado mbali, alikuwa anafika ndege mmoja mdogo mwenye miguu mirefu kwenye mtaro wa bondeni, chini ya bwawa la samaki. Mgongo wake ni wa rangi ya udongo uliolowa, tumbo jeupe, na hata akisimama hatulii: sehemu ya nyuma inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama mtu anayekijaribu kitanda kabla ya kukinunua. Watu walimwita kandege ka mtaroni na hawakuwa na haja ya zaidi. Kamusi yangu ilisema ni kitwitwi, lakini kitwitwi ni jina la ukoo mzima, na katika kitabu kulikuwa na wawili waliofanana naye kama magunia mawili ya chama kimoja.

Wote wawili huzaliwa Ulaya ya kaskazini, kwenye misitu yenye majimaji, na huja huku kuikimbia baridi. Mmoja, ambaye nilimpa jina la Madoa, ana vidoa vingi mgongoni na hupenda matope ya wazi pamoja na wenzake. Wa pili nilimwita Mpweke, kwa sababu hukaa peke yake kwenye mitaro na vijito vyembamba, akishtuliwa hupaa juu moja kwa moja huku anapiga filimbi, na (hili lilinishangaza kuliko yote) ingawa ni ndege wa majini hatagi chini kama wenzake, hutaga juu ya mti, ndani ya kiota kikuukuu kilichoachwa na ndege mwingine. Tabia zote za kandege ka mtaroni zilielekea kwa Mpweke. Lakini mimi tabia peke yake siihesabu kuwa ushahidi. Kitabu kilisema ushahidi uko chini ya bawa: Madoa upande wa chini wa bawa lake umepauka, karibu na weupe, na Mpweke upande huo ni mweusi.

Misimu mitatu nilijaribu kuliona bawa hilo kwa chini. Mtaro ulikuwa umefunikwa na majani marefu, na kila nilipofika hatua arobaini alikuwa anaruka, tena akinipa mgongo, nikabaki kuandika daftarini "ameruka, sikuona" (nina kurasa nzima za "ameruka, sikuona"). Kitabu kilisema pia kwamba ndege wa namna hii akitua mahali pa wazi huinua mabawa juu kidogo kabla ya kuyakunja. Kwa hiyo nilichohitaji ni mahali pa wazi, yaani ukanda mdogo wa matope, na bonde zima halikuwa nao, kwa sababu bwawa lilikuwa limejaa mpaka kwenye majani.

Sasa bwawa. Lilikuwa la kikundi cha akina mama kumi na wanne, na mwenyekiti wao ni mke wangu, Mama Yusta. Walilichimba kwa majembe kiangazi kizima. Ardhi ilikuwa ya kijiji, wamepewa kwa majaribio mpaka mavuno ya kwanza, na Mzee Nzunda, jirani yetu wa upande wa juu, alikuwa ameshasema kwenye mikutano miwili kwamba bonde lile ni la kabeji na samaki ni mchezo. Siku ya mavuno wangekuja mwenyekiti wa kijiji, bwana samaki kutoka wilayani, na katibu tarafa kama mgeni rasmi. Samaki wakionekana, bonde ni la akina mama. Wasipoonekana, ni kabeji. Haya yote niliyajua, ndiyo maana sina utetezi.

Mavuno yalipangwa Jumamosi moja ya mwezi wa tatu. Baada ya kuvua wangelitandazia bwawa nyavu kuukuu kuzuia ndege, na kandege kangu, kwa kumbukumbu zangu, huondoka kabla mwezi wa nne haujaisha. Nikafanya hesabu yangu kwa utulivu kabisa, nikaona kwamba nafasi iliyobaki ni asubuhi ile ile ya Jumamosi, na kwamba bwawa likishuka shubiri moja tu hakuna samaki atakayedhurika wala mgeni atakayegundua.

Maji ya bwawa yalikuwa yanatoka kwa bomba la plastiki lililopita chini ya tuta na kupindia nje kwa kiwiko. Bomba likisimama wima, bwawa linajaa. Ukiliinamisha, maji yanashuka mpaka usawa wa mdomo wake. Ukililaza chini kabisa, maji yote yanatoka. Akina mama walikuwa wamelifunga kwenye nguzo kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi na rula ya Yusta, nikaliinamisha sentimita ishirini, nikajaribu kulifunga, lakini ule mpira ulikuwa unavutika na bomba halikai kwenye alama niliyoiweka kwa kalamu, na mimi jambo la kukaribia kukaribia linaninyima raha. Nikautupa mpira. Nikatoa mfukoni kamba ya katani ya magunia, nikafunga fundo langu, lile ninalofungia kahawa, ambalo tangu nianze kazi halijawahi kufunguka.

Gunia lina nyuzi zinazoshika kamba, na bomba la plastiki lililolowa halina hata mmoja. Hilo nalijua sasa.

Nilikuwa nimepanga kujibanza kwenye majani mpaka ndege aje, lakini sauti ya Mama Yusta ikanifikia kutoka juu: "Baba Yusta! Uko wapi? Viti vya kanisani havijaletwa, na mzani je?" Nikaona nikikawia ataniuliza nilikuwa nafanya nini, basi nikapanda, nikaoga, nikavaa suruali ya kanisani, nikasukuma toroli mara tatu kwa viti na mara moja kwa mzani. Darubini ilikuwa shingoni, ndani ya koti, mahali pake pa siku zote.

Kwenye saa tatu na nusu nilikuwa ukingoni mwa bonde na viti vya mwisho. Nikaona ndege wanazunguka. Nikaegesha toroli, nikatoa daftari, nikahesabu: mwewe sita, fundichuma wawili, kunguru wasiopungua kumi, yangeyange wanazidi kushuka kutoka kwenye malisho, na kwa mara ya kwanza katika eneo letu kongoti mmoja. Nikaandika saa. Nikaandika hali ya hewa. Nikajiuliza, kwa furaha, kuna nini huko bondeni kilichowavuta wote hao kwa mkupuo, na kalamu ilikuwa bado iko kwenye karatasi nilipopata jibu.

Niliacha toroli, nikakimbia. Bomba lilikuwa limelala chini kabisa, kamba yangu imeteremka mpaka kwenye kiwiko na fundo liko vile vile, halijafunguka (hilo nalisema kwa usahihi tu, si kwa kujitetea). Bwawa lilikuwa dimbwi la ukubwa wa jamvi katikati ya tope, na ndani yake samaki wa kikundi wanarukaruka wote pamoja, mgongo juu ya mgongo, na pembeni wale wadogo wamelala tu kwenye matope wanafumbua vinywa. Fundichuma alikuwa anatembea kati yao bila haraka, anachagua.

Maji yaliyotoka yalikuwa yamekwenda mahali. Yalikuwa yamejaa kwenye njia ya gari, na gari la mgeni rasmi lilikuwa limenasa pale chini ya mkaratusi, na mgeni rasmi mwenyewe anakuja kwa miguu, viatu mkononi, suruali imekunjwa. Kwaya, ambayo ilikuwa imepangwa iimbe mgeni akionekana, ilimwona, ikaanza kuimba. Hakuna aliyewaambia waache, kwa hiyo mambo yote yaliyofuata yalitokea juu ya wimbo wa makaribisho wenye beti nne.

Akina mama walikuwa wameshaingia matopeni na vitenge vimefungwa juu ya magoti, wanafukuza mwewe kwa ndoo. Mzee Nzunda alikuwa amesimama juu ya tuta na koti lake refu.

"Nileteeni miche," alisema. "Shamba limeshamwagiliwa."

Hakupaswa kusema hivyo. Mama Sichalwe, katibu wa kikundi, mwanamke mwenye sauti ya kufika kijiji cha pili, akainuka matopeni na samaki mmoja mkononi akamwelekezea.

"Ni huyu! Jamani ni huyu! Nani mwingine analitaka bonde hili?"

"Mimi?" Mzee Nzunda akasema. "Mimi nimekuja kuona samaki."

"Umekuja kuona umewaua vizuri!"

"Mama, punguza. Nitakushtaki."

"Nishtaki! Kandege ka kabeji wewe!"

Wakamzunguka. Mwenyekiti wa kijiji akapita katikati yao na mikono juu. "Mzee Nzunda, hebu sema. Ulipita hapa asubuhi?"

"Nilipita. Njia ni ya nani?"

"Saa ngapi?"

"Mimi nina saa? Nilipita kulipokucha. Nikaona mtu kwenye majani anajisaidia, nikageuza macho kwa heshima."

(Mtu huyo alikuwa mimi, na sikuwa najisaidia, nilikuwa nasoma rula.)

Watu wakaguna kwa kutoamini. Mama mmoja akamshika koti. Nami nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka hapo, nina kauli moja ambayo ingemwokoa mzee wa watu, na nataka niwaambie ukweli kwamba sikuitoa. Nilikuwa naipanga. Nilikuwa natafuta ianzie wapi.

Mama Yusta peke yake hakuwa kwenye kelele zile. Alikuwa amekwenda kwenye bomba, akalisimamisha wima kwa bega, akainama, akavuta ile kamba ya katani. Akaliangalia fundo. Miaka kumi na minane ameishi na mimi, magunia yetu wenyewe ya nyumbani nayafunga vile vile, hata mfuko wa chumvi. Akaizungusha kamba kidoleni taratibu mpaka ikawa kishada kidogo, akapita katikati ya watu wote, akafika mbele yangu, akanitia kishada kile kwenye mfuko wa shati, pale pembeni ya kalamu.

"Sema mwenyewe," akasema, kwa sauti ndogo.

Nikapanda juu ya tuta. "Ndugu mgeni rasmi, ndugu mwenyekiti wa kijiji, ndugu akina mama. Bomba limeshushwa na mimi. Mzee Nzunda hahusiki."

Kelele zikakatika, ila kwaya.

"Wewe?" Mama Sichalwe akasema. "Shemeji? Kwa nini?"

Hapo ningesema nisameheni, nikashuka, na nusu ya aibu hii isingekuwepo. Lakini mimi nikiulizwa kwa nini huwa natoa sababu. Nikasema kuna ndege wawili wanaofanana sana. Mtu akacheka nyuma. Nikasema kwamba njia pekee ya kuwatofautisha ni upande wa chini wa bawa, na kwamba kwa hiyo ilihitajika sehemu ya matope ya wazi, ya upana wa kama sentimita ishirini kwa kipimo cha wima.

"Ndege gani?" akauliza katibu tarafa.

Aliuliza kwa nia njema kabisa, miguu yake imejaa tope na uso wake umetulia, na katika misimu mitatu hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamweleza. Nilimweleza Ulaya ya kaskazini, nikamweleza kiota cha kuazima juu ya mti, na nadhani nilikuwa nimefika kwenye namna anavyotikisa nyuma yake (naambiwa nilionyesha, mimi sikumbuki) wakati kutoka mtaroni ikasikika filimbi, twii-twi-twi, na kandege kakaruka juu ya majani, kakapita juu ya vichwa vya akina mama, kakatua kwenye tope la bwawa, upande wa mbali usio na mtu.

Nikaacha neno katikati. Nikatoa darubini. Mbele ya mgeni rasmi, mbele ya mke wangu aliyesimama matopeni mpaka magotini, mbele ya mzee niliyemwacha asingiziwe, na samaki wao wanakufa kwenye miguu yangu, nikaweka jicho la kulia na kufumba la kushoto. Mabawa yalikuwa bado yako juu.

"Jeusi," nikasema.

Sikusema kwa kunong'ona, kwa bahati mbaya. Wimbo ulikuwa umefika mwisho wa ubeti wa nne, na neno langu likaanguka kwenye kimya kile, bonde zima likalisikia.

Mzee Nzunda akakung'uta koti lake pale lilipokuwa limeshikwa. "Naomba kuelewa," akasema. "Huyu ananiomba radhi mimi, au anamsalimia ndege?"

Walivyocheka sitaki kueleza. Bwana samaki alicheka mpaka akakaa chini. Ndege akashtuka, akapaa moja kwa moja angani kama kitabu kilivyosema. Mama Yusta hakucheka. Aliinama akaendelea kuokota samaki, nami nikaingia matopeni na suruali ya kanisani, na hakuna aliyenipa ndoo, nikawabeba wale wadogo kwa kofia.

Tuliokoa wakubwa karibu wote. Bwana samaki alisema wapo wafugaji wanaokausha bwawa siku ya mavuno, ila huandaa kwanza mahali pa kuwaweka wadogo, na sisi hatukuwa tumeandaa kitu. Wadogo, ambao ndio wangekuwa mavuno ya msimu wa pili, waliliwa au walifia kwenye kofia yangu. Kisha ikabidi nipime. Mzani ni wangu, hakuna mwingine anayeujua, hivyo nilisimama nimejaa tope mpaka kiunoni nasoma uzito kwa sauti, na kila nikisoma kuna mtu anauliza nyuma, "Karani, huyo naye bawa lake rangi gani?"

Mkutano wa kijiji ulikaa wiki iliyofuata kuamua habari za bonde. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa mihtasari, kwa sababu ya mwandiko. Watu walitegemea Mzee Nzunda adai kabeji zake, na kwa haki angepewa kitu, maana alikuwa ametukanwa bure mbele ya mgeni wa serikali. Alisimama na lile koti.

"Kabeji nitapanda huko huko juu," akasema. "Bonde likiwa la kabeji, mwakani hakuna atakayekumbuka kitu. Likiwa la samaki, kila anayepita hapo atamkumbuka karani. Wapeni akina mama. Lakini iandikwe."

"Iandikwe nini, mzee?" mwenyekiti akauliza.

"Kwamba Baba Yusta asiguse bomba. Na kwamba aandike mwenyewe."

Ilipigiwa makofi. Niliandika. Ni kipengele cha nne, kwa wino wa bluu, na nimekipigia mstari kwa rula. Baada ya mkutano nilimfuata Mzee Nzunda mpaka mlangoni kwake nikamwomba radhi bila sababu hata moja, maneno mawili tu, na yeye akanijibu kwamba sasa ameelewa.

Nyumbani ilichukua muda mrefu zaidi. Mama Yusta hakunigombeza. Alininyamazia, aliniwekea chakula, akawa anafunga mfuko wa chumvi kwa mpira. Siku moja, bila kuinua kichwa kwenye maharage aliyokuwa anachambua, akauliza, "Na yule ndege. Uliwahi kumjua?"

"Nilimjua. Ni Mpweke."

"Afadhali," akasema. "Ingekuwa hata yeye hukumjua, ningerudi kwetu."

Kwa hiyo nadhiri yangu ni fupi. Ninachotaka kukijua nitakitafuta kwa maji yaliyopo, nikiwa mahali nilipo, na kama hakionekani kutoka hapo basi nitaandika "sikuona" na kwenda nyumbani. Nimekaa nayo tangu siku ile.

Bwawa lilipandikizwa samaki wapya, likajaa tena mpaka kwenye majani. Mwezi wa nane wa mwaka huo nilikuwa kwenye mzani, msimu umechanganya, nimezungukwa na magunia, nikamwona Mama Yusta anapanda kutoka bondeni na jembe begani. Hakusimama. Alipita karibu yangu, akasema kama mtu anayetaja kwamba chumvi imekwisha:

"Mgeni wako amefika. Yuko mtaroni. Hatua arobaini, Baba Yusta, na mikono nyuma."

Jioni nikashuka. Nilizihesabu hatua kwa macho kutoka mtaroni, nikasimama kwenye ya arobaini, mikono nyuma. Akaruka, akanipa mgongo. Nikaandika saa.